Shajara ya mradi: mtandao mdogo wa kujifunzia, kuanzia kebo moja hadi intaneti

Lengo la mradi ni kujenga mtandao mdogo ambao mtu anayeanza kabisa ataweza kuuona ukifanya kazi, badala ya kusimuliwa tu. Vifaa ni kompyuta kuukuu tano zenye Linux, swichi mbili za kawaida zisizo na mipangilio yoyote, kebo, plagi za RJ45, koleo la kubania na kipima kebo cha taa. Kompyuta moja ina kadi mbili za mtandao. Hiyo itageuzwa ruta, yaani kifaa cha kuunganisha mitandao miwili. Programu muhimu kuliko zote ni Wireshark, inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya.

Wanaoanza wengi hukaribishwa na jedwali la tabaka saba linalogawa kazi za mtandao, wakakariri majina yake, kisha wakabaki hawajui kwa nini kompyuta yao haifiki popote. Jedwali tumeliweka kando hadi mwisho. Kila hatua hapa ina swali lilelile: kifaa hiki kinajua nini, na kile kisichokijua kinamuuliza nani? Nimeshawishika kwamba mtandao mzima unasimama juu ya swali hilo, maana hakuna kifaa kinachojua kila kitu.

Hatua ya 1: waya

Ndani ya kebo mna waya nane, zimesokotwa mbili mbili. Msokoto ndio unaofanya kazi: kelele ya umeme kutoka nje huzigusa waya zote mbili za jozi karibu sawasawa, na kadi ya upande wa pili husoma tofauti kati yao, kwa hiyo kelele hujifuta. Mpangilio tuliotumia ni T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Kila mwanafunzi aliuliza kwa nini jozi ya kijani imetenganishwa, buluu ikawekwa katikati. Pini mbili za kati zilipangwa zilingane na waya za simu, kwa hiyo jozi nyingine ikalazimika kuzizunguka, ikaenda pini ya 3 na ya 6. Etheneti ya megabiti 100 hutumia pini 1 na 2, halafu 3 na 6. Ya gigabiti hutumia jozi zote nne.

Tulitengeneza makusudi kebo moja yenye rangi zilizopangwa jozi kwa jozi bila kutenganisha, namna ileile pande zote mbili. Kipima cha taa kikaipitisha: moja kwa moja, mbili kwa mbili, hadi nane. Lakini pini ya 3 na ya 6 sasa zinatoka kwenye jozi tofauti, hivyo msokoto hauzilindi. Kebo fupi huficha ugonjwa huu, ndefu huufichua kwa fremu (vifurushi vya data kwenye waya) zilizoharibika na kasi inayoshuka. Kebo hiyo tumeifunga utepe mwekundu na kuihifadhi kama kielelezo, kwa sababu inafundisha jambo ambalo kipima cha bei rahisi hakiwezi kulionyesha: waya kufika upande wa pili ni jambo moja, kubeba data salama ni jingine. Kikomo cha urefu tumekiandika ukutani: mita 100.

Kompyuta mbili zikaunganishwa moja kwa moja, taa zikawaka. Tukazipa anwani za IP 192.168.50.10 na 192.168.50.20. Ping, programu inayotuma ombi dogo na kusubiri jibu, ikajibiwa. Programu hiyo ndogo iliandikwa na Mike Muuss mnamo Desemba 1983, na bado ndiyo ya kwanza tunayoishika kila kitu kinapokwama.

Hatua ya 2: "nani ana anwani hii?"

Tulifungua Wireshark kabla ya kurudia ping, na kitu cha kwanza kuonekana hakikuwa ping. Kilikuwa swali. Kompyuta ya .10 ilitangaza kwenye waya: nani ana 192.168.50.20? Amwambie 192.168.50.10. Fremu hiyo ilielekezwa kwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani kwa wote waliopo. Jibu likarudi kwa muulizaji peke yake, likiwa na anwani ya MAC ya .20. Hapo ndipo ping ya kwanza ikatoka.

Hiyo ni ARP, njia ya kutafuta MAC ya mwenye IP fulani, iliyoandikwa rasmi mwaka 1982. Tulitumia muda mrefu hapa, na ninapendekeza kila anayefundisha afanye hivyo. Anwani ya IP inaeleza kifaa kiko kwenye mtandao gani, na hubadilika kifaa kikihamia mtandao mwingine. Anwani ya MAC, yenye biti 48, ni ya kadi yenyewe. Biti 24 za mwanzo hutambulisha kiwanda kilichoitengeneza, ingawa simu na kompyuta nyingi za siku hizi hubuni MAC ya muda zinapotumia Wi-Fi ili zisifuatiliwe. Kompyuta inajua IP ya inayemtafuta, lakini fremu haiwezi kusafiri kwenye waya bila MAC. Kwa hiyo inauliza. Jibu hulihifadhi kwa muda. Ukitumia amri `ip neigh` utaliona, na ukilifuta, swali linaulizwa upya mbele ya macho yako.

Kisha swichi. Swichi haiulizi, inasikiliza tu. Kila fremu inayoingia ina MAC ya mtumaji, na swichi huandika: huyu yuko tundu la 3. Ikipokea fremu inayokwenda kwa mtu isiyemjua, huirusha kwenye matundu yote isipokuwa ilikoingilia, na mwenyewe akijibu, inamjua. Swichi iliyotoka kuwashwa haina kitu kichwani, na muda mfupi baadaye inamjua kila aliyesema neno.

Jaribio la kitanzi lilikuwa la makusudi, na vifaa vilitengwa na mtandao mwingine wowote. Tuliunganisha swichi mbili kwa kebo moja, kila kitu kikawa shwari, kisha tukachomeka kebo ya pili kati ya swichi zilezile. Likatokea swali moja la ARP. Taa zote za swichi zikaanza kumetameta pamoja bila kupumzika, ping zikafa, na Wireshark ikajaa swali lilelile likijirudia mpaka orodha ikashindwa kusomeka. Fremu ya Etheneti haina hesabu ya kuchoka: tangazo likiingia kwenye kitanzi huzunguka mpaka mtu achomoe kebo. Swichi za kiwango cha juu huzuia hili kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, ambapo swichi hupashana habari na kuzima njia za ziada mpaka zihitajike. Zetu hazina. Tulichomoa kebo, na utulivu ukarudi papo hapo.

Hatua ya 3: jirani au mgeni?

Hii ndiyo sehemu ambayo wanaoanza huiogopa, na nadhani huiogopa kwa sababu hufundishwa kama hesabu ya kugawanya anwani. Maski ya subneti ni kipimo ambacho kompyuta hutumia kuamua jambo moja tu: ninayemtafuta ni jirani, nimuulize kwa ARP, au ni mgeni, nimkabidhi ruta?

Tulimwachia mwanafunzi kompyuta mbili. Ya kwanza 192.168.50.10 yenye maski 255.255.255.0. Ya pili 192.168.50.140 yenye maski 255.255.255.128. Kebo nzima, swichi nzima, hakuna ruta iliyowekwa. Ya kwanza ilipoitafuta ya pili, ikaanza kuuliza kwenye waya kama kawaida, lakini ping haikupata jibu. Ya pili ilipoitafuta ya kwanza, haikutuma kitu chochote. Ilisema papo hapo kwamba mtandao haufikiki, na Wireshark ikabaki tupu.

Tukaandika namba ya mwisho kwa biti. Kumi ni 00001010. Mia moja arobaini ni 10001100. Maski ya kwanza inaangalia biti 24 za mwanzo (kila 255 ni biti nane), ambazo zinafanana, kwa hiyo inasema jirani. Maski ya pili inaongeza biti ya 25: huku ni 0, huku ni 1. Mgeni. Kompyuta mbili kwenye swichi moja, moja inamwona mwenzake jirani na nyingine inamwona mgeni, na kila moja iko sahihi kwa kipimo ilichopewa. Mwanafunzi aliyeitazama biti ile moja hahitaji kuelezwa tena maski ni nini.

Hatua ya 4: ruta

Sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kompyuta yenye kadi mbili ikawekwa katikati. Kushoto ni mtandao wa 192.168.50.0 wenye maski ya biti 24, kulia ni 192.168.60.0 wenye maski ileile. Ruta ikapewa .1 kila upande. Bila agizo, Linux haipitishi pakiti (data yenye anwani za IP, inayobebwa ndani ya fremu) za wengine. Unaiwasha kwa kuweka `net.ipv4.ip_forward` iwe 1. Kabla ya kuiwasha tuliona pakiti zikifika kwenye kadi ya kushoto na kuishia hapo.

Tukafungua Wireshark pande zote mbili za ruta na kutuma ping moja kutoka 192.168.50.10 kwenda 192.168.60.30. Pakiti ni ileile, lakini tazama kilichobadilika. Kushoto: IP ya mtumaji 50.10, ya mlengwa 60.30, MAC ya mlengwa ni ya kadi ya kushoto ya ruta, uhai wa pakiti (TTL, idadi ya ruta inazoweza kuvuka) 64. Kulia: IP zilezile mbili bila kuguswa, MAC zote mbili mpya, uhai 63.

"Mwalimu, kwa hiyo kompyuta ya kushoto haitaijua kamwe MAC ya ile ya kulia?"

Haitaijua, na haiihitaji. Inachojua ni kwamba 60.30 ni mgeni na kwamba wageni hukabidhiwa lango, 50.1. Ndiyo maana ARP iliyoonekana kushoto iliuliza MAC ya 50.1, si ya 60.30. Pakiti inakwenda kama msafiri anayeuliza njia kijiji kwa kijiji: kila anayeulizwa anaelekeza kijiji kinachofuata tu, na anafika. Hivyo ndivyo intaneti nzima inavyofanya kazi. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha muundo wao mwaka 1974, walitaka kuunganisha mitandao isiyofanana bila kuilazimisha ibadilike ndani. Wakaweka malango katikati ya mitandao na kuyaachia kazi ya kupitisha. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ikahamia rasmi kwenye TCP/IP, itifaki zilizotokana na muundo huo, na kanuni hiyo ndiyo tuliyoitazama kwenye kompyuta kuukuu yenye kadi mbili.

Ule uhai wa pakiti unaopungua moja kila ruta ndio dawa ya kitanzi ambayo fremu haina. Ukifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumwarifu mtumaji. Traceroute ya Van Jacobson, ya mwaka 1987, inatumia ujanja huohuo: inatuma pakiti yenye uhai 1, kisha 2, kisha 3, na kila ruta inayoitupa inajitambulisha. Nyota zinazoonekana kwenye matokeo yake zina maana kwamba kituo hicho hakikujibu, basi. Mara nyingi kinapitisha vizuri tu.

Jaribio moja zaidi kabla ya kuifunga hatua. Tuliondoa lango kwenye kompyuta ya kulia peke yake. Ombi la ping likafika kwenye kadi yake, tukaliona kwenye Wireshark, lakini jibu halikutoka, kwa sababu 50.10 kwake ni mgeni na hana wa kumkabidhi. Kwa mtumaji kilichoonekana ni kimya. Kwenda na kurudi ni safari mbili, na kila moja inahitaji njia yake. Ping ikigoma, haikuambii ni safari ipi iliyokwama. Ni lazima uende upande wa pili ukatazame.

Hatua ya 5: kugawa anwani

Fupi. Tumeweka programu ya dnsmasq kwenye ruta ili igawe anwani yenyewe kwa itifaki ya DHCP. Kinachostahili kuangaliwa ni pakiti ya kwanza: kompyuta haijui hata anwani yake, kwa hiyo inatuma ikijitaja 0.0.0.0 na kuelekeza 255.255.255.255. Inaomba, inapewa pendekezo, inalikubali, inathibitishiwa. Meseji nne, na pamoja na anwani huja maski, lango na seva ya majina, yaani yote tuliyokuwa tukiyaandika kwa mkono. Kompyuta ikikosa wa kumjibu inaweza kujipa anwani inayoanza na 169.254, ukiiona, acha kupekua kivinjari, katafute kwa nini DHCP haijibu.

Hatua ya 6: majina

Zamani majina ya kompyuta zote za ARPANET yaliwekwa kwenye faili moja lililotunzwa katika taasisi ya SRI, na kila mmoja alilinakili. Mtandao ulipokua, faili halikuweza kuendana nao. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani, ambamo hakuna anayetunza majina yote.

Tulitumia `dig +trace example.org` na kusoma mstari kwa mstari. Seva za mzizi, zenye majina 13 kutoka a hadi m na mashine nyingi sana nyuma ya majina hayo, hazikujua example.org iko wapi. Zilijibu: waulize wanaotunza org. Wa org nao hawakutoa anwani, walitaja seva zinazoitunza example.org. Hizo ndizo zilizotoa jibu. Ni tabia ileile ya ruta, safari hii kwenye majina, na wanafunzi waliitambua kabla sijasema neno.

Jibu huja na muda wake wa kuhifadhiwa, kwa sekunde. Ndiyo sababu ukihamisha tovuti kwenye seva nyingine, baadhi ya watu huona mpya na wengine bado wanapelekwa kwenye ya zamani. Tulijaribu pia kuizima seva ya majina huku njia ikiwa nzima: ping kwa namba ikapita, kwa jina ikakataa. Watu wengi wakisema intaneti imekatika, wakati mwingine hiki ndicho kilichotokea, na kukitambua kunahitaji ping mbili tu.

Hatua ya 7: kukata kebo katikati ya kazi

Kompyuta ya kulia ikageuzwa seva kwa `python3 -m http.server`, inayosikiliza kwenye poti 8000 (poti ni namba inayotambulisha programu ndani ya kompyuta). Ya kushoto ikaanza kupakua faili kubwa. Mwanzoni kuna salamu tatu za TCP, itifaki inayohakikisha data inafika kamili: naomba tuanze, nimekubali nami naomba, sawa. Baada ya hapo kila baiti ina namba yake ya mfuatano, na mpokeaji anaendelea kusema amefikia wapi.

Wireshark mwanzoni ilionyesha vipande vikubwa kuliko baiti 1500, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha Etheneti. Kadi na kiini cha Linux huviunganisha vipande ili kupunguza kazi. Tukazima tabia hiyo kwa `ethtool`, tukaona ukubwa halisi: baiti 1448 za data. Hesabu inakubali: 1500, toa 20 za kichwa cha IP, toa 20 za TCP, toa 12 za alama za muda.

Kisha, upakuaji ukiendelea, tukachomoa kebo kati ya ruta na swichi ya kushoto. Kasi ikaanguka hadi sifuri. Seva ikaanza kurudia kipande kisichothibitishwa, ikasubiri, ikarudia, na kila mara muda wa kusubiri ukawa karibu mara mbili ya uliopita. Tukarudisha kebo. Upakuaji ukaendelea pale ulipoishia, na faili lilipokamilika tulililinganisha na la asili kwa `sha256sum`: lilikuwa lilelile. Ruta haikuwa na habari yoyote ya faili hilo. Kumbukumbu yote ilikuwa kwenye kompyuta mbili za miisho.

Hatua ya 8: kutoka nje

Ruta sasa imeunganishwa na intaneti, na hapa kanuni yetu ya kutogusa IP inavunjwa kidogo. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani, zilitengwa hivyo pamoja na za 10 na za 172.16 hadi 172.31, na intaneti haizipitishi. Kwa hiyo ruta hubadilisha anwani ya mtumaji kuwa yake ya nje, na kuandika kwenye daftari ni poti ipi inayomhusu nani. Hii huitwa NAT. Tuliitazama orodha hiyo kwa `conntrack -L`, kompyuta mbili zikifungua tovuti moja kwa wakati mmoja. Tofauti na ruta ya hatua ya 4, hii inakumbuka mazungumzo ya watu. Ukiiwasha upya, daftari linafutika na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea hukatika.

NAT imetusaidia kuishi na anwani za biti 32, ambazo zote ni 4,294,967,296 tu. Akiba kuu ya IANA, shirika linalosimamia ugawaji wa anwani duniani, iliisha Februari 2011. Lakini kwa anayeanza ni chanzo kikubwa cha kuchanganyikiwa, kwa sababu swali rahisi kama "anwani yangu ni ipi?" linakuwa na majibu mawili. Ndiyo maana nimeiweka mwisho. Anayefundishwa NAT kabla hajaiona pakiti ikivuka ruta bila kubadilishwa IP hawezi kujua ni kipi hasa kinachobadilishwa.

Jedwali la tabaka limebandikwa sasa, lile la tabaka nne, na wanafunzi wamelijaza wenyewe kwa pakiti walizozinasa.

Kinachoendelea

IPv6, toleo jipya la IP lenye anwani ndefu zaidi, imeanza kuonekana bila kuitwa: kila kadi tayari ina anwani inayoanza na fe80. ARP haipo humo. Swali la jirani huulizwa kwa kundi dogo la anwani badala ya kutangazwa kwa wote. Kinachobaki ni kuipa ruta uwezo wa kutangaza anwani za IPv6 kwa mitandao yote miwili, kurudia jaribio la hatua ya 4 kwa anwani hizo, na kutafuta swichi yenye itifaki ya kuzuia kitanzi ili kebo ya pili ichomekwe tena.